Mkahawa wetu wa Kiitaliano umebadilika: tusamehe, tudai au tuhame?

Mshauri mpendwa,

Mimi na mume wangu ni wakaazi wa Malindi, na kwa miaka tisa tumekuwa wateja wa mkahawa mmoja wa Kiitaliano hapa mjini. Jina sitalitaja, kwa kuwa bado nautakia mema. Tangu masika yaanze tumekwenda mara tatu, na mara zote tatu tumetoka na kinyongo.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumanne, saa moja jioni, na meza zenye watu zilikuwa tatu tu. Pizza margarita ililetwa ina maji katikati. Ukiinua kipande ncha inaning'inia, jibini inateleza, na chini ni nyeupe pe. Mara ya pili, Ijumaa, tulingoja dakika 55. Risoto ya ngisi (wali wa Kiitaliano) ilikuja kama uji uliolala, na taliatele yangu (tambi za utepe) imeshikana donge moja, ukiivuta kwa uma inakatika. Nilipomwambia mhudumu akanijibu, "Mama, hiyo ni al dente, ndivyo Waitaliano wanavyokula." Mara ya tatu tukaagiza spageti ya kamba. Sahani baridi, kamba wagumu kama mpira. Bili ikaja na asilimia 10 ya huduma ambayo kwenye menyu haikuandikwa popote. Tulilipa tukaondoka kimya.

Tatizo ni kwamba tumekwisha kuweka arbuni ya shilingi 10,000 kwa chakula cha jioni cha watu 14, Jumamosi ya mwisho ya Julai, kusherehekea kuhitimu kwa binti yetu. Wakwe zetu watakuwepo. Mume wangu anasema tuwavumilie, ni msimu mbaya. Dada yangu anataka niandike mtandaoni watu wajue. Mimi nataka kuelewa kwanza: kitu gani kimeharibika huko jikoni, niseme vipi bila kumvunjia mtu heshima, na je, nithubutu kuwapeleka watu 14?

Mteja wa miaka tisa, Malindi

JIBU

Dada yangu,

Nianze na pizza, kwa sababu hiyo Jumanne yako inaeleza mengi. Pizza ya Napoli huokwa kwenye tanuri ambalo sakafu yake ina joto la nyuzi 400 hivi, kwa sekunde 60 hadi 90 tu. Chama cha wapishi wa pizza ya asili kilichoundwa Napoli mwaka 1984 kimeandika hadi vipimo: donge la unga gramu 200 hadi 280, nyanya gramu 60 hadi 80, mozarela (jibini laini jeupe) gramu 80 hadi 100. Ukitazama utaona ni kidogo, na kuna sababu. Nyanya na mozarela sehemu kubwa ni maji, na kwa sekunde 90 maji yanayowahi kukauka si mengi. Mpishi akizidisha mwiko mmoja wa nyanya, au akiitoa mozarela kwenye maji yake na kuikata papo hapo bila kuiacha ichuje kwa saa kadhaa, dimbwi litakaa katikati ya pizza hata tanuri liwe moto namna gani.

Lakini umetaja jambo zito kuliko maji: chini palikuwa peupe. Hapo kosa linahamia kwenye tanuri. Tanuri la matofali linataka saa 2 hadi 3 za moto wa kuni kavu kabla sakafu haijashika joto la kutosha. Mwali unaweza kuwa mkubwa na wa kupendeza machoni huku sakafu bado ni vuguvugu. Kuanzia Desemba hadi Machi, wageni wanapojaa, tanuri halipati nafasi ya kupoa. Joto la jana bado limo unapowashwa moto wa leo. Masika yakiingia, Aprili hadi Juni, meza ni tatu, kuni zinabanwa, tanuri linawashwa saa kumi na mbili na wewe unaketi saa moja. Kuni zenyewe nazo zimenyeshewa: mvinje mbichi hutoa moshi mwingi kuliko joto. Kwa hiyo Jumanne ya masika, saa moja jioni, ni wakati mbaya kabisa wa kuagiza pizza Malindi. Ukitaka kuila siku kama hiyo, muulize mhudumu kabla ya kuagiza: "Tanuri limewashwa saa ngapi?" Akijibu saa kumi, agiza. Akisitasita, chukua pasta.

Tazama pia ukingo wa pizza. Ukiwa bapa, umepauka na una harufu ya kuchacha kama mnazi uliolala, basi unga umeumuka kupita kiasi: hamira imekula sukari iliyomo, na bila sukari hiyo ukingo haupati rangi. Hili ni gonjwa la Pwani hasa. Unga uliokandwa kwa hesabu za Napoli ukiachwa nje kwenye joto la nyuzi 30 unamaliza kazi mapema mno, na stima ikikatika nusu siku, unga uliokuwa kwenye friji unaharibika vilevile. Mpishi mwangalifu hupunguza hamira au huukanda upya. Mpishi aliyechoka huuoka hivyohivyo.

Sasa hiyo al dente. Maana yake ni "kwa jino": pasta iliyoiva ila bado inatoa ukinzani kidogo unapoitafuna, na ukikata uzi mmoja wa spageti unaona kitone cheupe chembamba katikati. Pasta inayokatika kwa kuguswa na uma imepita hatua hiyo zamani, kwa hiyo mhudumu amekujibu kinyume kabisa. Sidhani alikusudia kukudanganya. Wahudumu wengi hufundishwa neno hilo kama ngao ya kumzuia mgeni anayelalamika kwamba pasta ni ngumu, hawafundishwi linamaanisha nini. Taliatele mbichi, ya mayai, huiva kwa dakika 2 hadi 3; spageti kavu kwa 9 hadi 11. Kanuni ya jikoni ni lita 1 ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za pasta, maji yakitokota kwa nguvu, kisha pasta imalizie dakika yake ya mwisho ndani ya kikaango cha mchuzi pamoja na kikombe kidogo cha maji yale yale. Wanga ulio kwenye maji hayo ndio unaoufanya mchuzi ung'ang'anie pasta. Ukikuta maji meupe chini ya sahani na mchuzi umeketi juu kama kofia, jua hatua hiyo imerukwa.

Yako ilishikana donge kwa sababu mojawapo ya hizi mbili. Ama ilichemshwa mchana, ikapakwa mafuta, ikawekwa kwenye friji na kuchovywa tena maji moto ulipoagiza. Au ilipikwa vizuri kisha ikasimama dirishani ikingoja risoto ya mume wako. Naamini hiyo ya pili ilichangia, maana risoto huchukua dakika 16 hadi 18 na taliatele 3. Mtu anayesimamia jiko anapaswa kuanzisha risoto kwanza na kutia taliatele majini risoto ikibakiza dakika 4. Mtu huyo asipokuwepo, oda zote zinaanza pamoja na chakula kinachowahi kinakufa kikingoja kinachochelewa. Na risoto yenyewe: mikahawa mingi huipika robo tatu asubuhi, huitandaza kwenye sinia ipoe upesi, kisha huimalizia kwa supu moto na siagi mteja anapoagiza. Si wizi, ni utaratibu wa kawaida, na ukifanywa vizuri hutaujua. Iliyolala siku mbili ndiyo inayokuwa uji, punje zimepasuka na wanga umeganda.

Kamba wanaiva kwa dakika 2 hadi 3. Wakigeuka mpira, wamepikwa mara mbili au wameachwa motoni mpishi akishughulika na sahani nyingine. Wakati wa upepo wa kusi bahari imechafuka, mashua ndogo nyingi hazitoki, na wanaopatikana mara nyingi ni wa friza. Wa friza si kosa ikiwa wameyeyushwa taratibu ndani ya friji usiku kucha. Wakiyeyushwa kwa maji ya bomba na kutupwa kikaangoni wakiwa na maji, wanachemka badala ya kukaangika. Ugumu ni suala la ladha tu. Harufu ya amonia, ile ya kuchoma pua, ni suala la afya: usionje mara ya pili, rudisha sahani.

Ukiunganisha yote, picha ni hii: tanuri lisilopata moto, hakuna anayepanga oda, vyakula vilivyopikwa mapema, na menyu ndefu ile ile ya msimu. Jiko limepunguziwa watu. Mikahawa mingi ya Malindi hufanya hivyo masika, mingine hufunga kabisa, na wanaorudishwa nyumbani bila mshahara ni wapishi wa hapa hapa waliojifunza kazi hiyo kwa miaka. Mume wako kwa hiyo ana hoja. Lakini mkahawa uliobaki na wapishi wawili ungepaswa kukata menyu ibaki sahani 10 na kuzipika vizuri, na kukwambia kwa uwazi kwamba leo risoto hakuna. Kukuuzia kila kitu kwa bei ya Januari ni uamuzi wa mwenye mali, na ndiye wa kuambiwa.

Ulipokosea wewe ni kulipa na kuondoka kimya. Watu wa Pwani tunauita uungwana, na mkahawa unauona kama sahani iliyorudi tupu, mteja ameridhika. Sema ndani ya matonge mawili au matatu ya mwanzo, kabla hujala nusu. Mwite mhudumu, umsalimie, useme kasoro moja na ombi moja: "Samahani kaka, taliatele hii imepoa na imeshikana. Naomba nyingine iliyopikwa sasa hivi, nitasubiri." Usiseme "chakula kibaya", kwa kuwa hakuna mpishi anayeweza kurekebisha neno hilo. Sema baridi, sema imeshikana, sema chini haikuiva. Akikupinga, usishindane naye. Omba meneja aje mezani na umwonyeshe uma wako unavyoikata. Mwenzako aendelee kula chake kikiwa moto. Na iliyoletwa upya ikiwa nzuri, sema pia kwamba ni nzuri, ujumbe ufike jikoni.

Kuhusu kungoja: kwa pasta na risoto, dakika 20 hadi 30 ni haki yao. Ikifika 30 uliza oda imefikia wapi, usingoje 55. Mara nyingine karatasi ya oda imepotea tu, na unapouliza ndipo inapoanza kupikwa.

Bili isome mstari kwa mstari. VAT ya asilimia 16 ni ya serikali, na ushuru wa utalii wa asilimia 2 ukiuona pia ni hivyo. Meneja hana ruhusa ya kuvifuta. Asilimia 10 ya huduma ni ya mkahawa. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 inakataza mteja kutozwa ada ambayo hakujulishwa kabla ya kuhudumiwa, kwa hiyo kama kwenye menyu haikuwepo na hakuna aliyekutajia, una haki ya kuomba iondolewe palepale, kwa sauti ya kawaida. Katiba ya 2010, ibara ya 46, nayo inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa. Sahani uliyorudisha bila kuila isiwe kwenye bili. Uliyoimaliza ilipe. Na kijana aliyekuhudumia vizuri mpe bakshishi mkononi hata kama jiko limekuangusha. Hakuokoa pizza kwa sababu si yeye anayeipika.

Dada yako asubiri. Kuandika mtandaoni kabla meneja hajasikia kunawaumiza kwanza wahudumu, na kwako wewe kunafunga mlango wa kurekebishiwa karamu.

Sasa hiyo karamu. Uzuri ni kwamba mwisho wa Julai si Mei. Waitaliano huchukua likizo zao kubwa Agosti, wageni wanaanza kurudi, tanuri linawaka kila siku. Ubaya ni kwamba baadhi ya wapishi watakuwa wageni jikoni au ndio kwanza wamerejea, na meza zitajaa. Hivyo fanya jaribio angalau wiki tatu kabla. Nendeni wawili, usiku wenye watu, mfano Ijumaa saa mbili. Agizeni spageti ya kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na pilipili, na pizza margarita moja. Hakuna krimu wala mchuzi mzito wa kuficha kitu. Kitunguu saumu kiwe cha rangi ya dhahabu. Kikiwa kahawia kimeungua na kitakuwa kichungu. Spageti iwe inang'aa, si inayoogelea kwenye mafuta. Pizza iwe na madoa meusi chini na isiwe na dimbwi katikati. Sahani hizo mbili zikiwa sawa, mikono bado ipo na shida ilikuwa ni masika. Zikiwa mbovu, mpishi ameondoka.

Likipita jaribio, mwone meneja kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, jiko likiwa limetulia. Mweleze zile ziara tatu kama ulivyonieleza mimi, na siku zake. Kisha msipange watu 14 wachague menyu nzima, maana hilo lingeangusha hata jiko zuri. Pendekezo langu ni pizza 6 za kugawana katikati ya meza, zitoke tatu tatu, kila moja ikatwe vipande 8. Hivyo ni vipande 48, zaidi ya vitatu kwa kila mtu kama kianzio. Halafu lasanya (pasta bapa iliyopangwa tabaka kwa tabaka na mchuzi wa nyama, kisha ikaokwa), ambayo inapenda kungoja: ikitoka tanurini hutulia dakika 10 hadi 15 ndipo ikatike vizuri, na wote 14 wanakula kwa wakati mmoja. Pembeni samaki wa kuchoma, na kachumbari au saladi. Kama mnataka pasta ya mchuzi, iwe aina moja kwa wote, gramu 70 za pasta kavu kwa mtu kwa kuwa si chakula pekee. Risoto iachwe siku hiyo. Ikiwa meza ina Waislamu, taja kwa maandishi kwamba lasanya iwe ya nyama ya ng'ombe tupu, kwa sababu mchuzi wa nyama wa Kiitaliano mara nyingi huchanganywa na nguruwe, na uulize nyama zitakatwa kwa kisu na ubao gani.

Yaandikwe haya kwenye ujumbe mmoja na meneja ajibu kukubali: saa ya kufika na saa pizza ya kwanza itakapotoka, sahani zilizokubaliwa na bei yake pamoja na ada zote, nani atasimamia meza yenu (watu 14 wanataka wahudumu 2), jenereta ipo au haipo, na arbuni itarudishwa mkighairi kabla ya siku gani. Siku 10 kabla ni mpaka wa haki kwa pande zote mbili.

Jaribio likishindwa, dai shilingi 10,000 siku hiyo hiyo, kwa ujumbe, ukitaja tarehe uliyolipa na nambari ya muamala. Wakikataa kurudisha pesa, omba zihamishiwe kwenye chakula cha mchana cha nyinyi wawili mwezi Januari, saa saba, tanuri likiwa limewaka tangu asubuhi.